Kamshafti ya Fuso yenye turbo: uliza namba kabla ya bei

Msimu ukibadilika, na simu ninazopokea hubadilika. Desemba naulizwa viwavijeshi, Februari mbolea ya kukuzia. Kuanzia Mei, mpunga ukishapigwa na pamba ikianza kupimwa, naulizwa magari. Mimi ni bwana shamba, si fundi wa injini, lakini mpunga uliokwama Puge kwa sababu lori limekufa unanihusu sawasawa na mpunga ulioliwa na ndege.

Zamani mzigo wa huku ulipita begani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Siku hizi bega letu ni Fuso, na nyingi zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Baadhi zina turbo. Hizo ndizo nazungumzia leo.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga hapa kwetu kina Fuso ya namna hiyo, waliyoinunua kwa kuchangishana. Mwaka huu ilianza kukosa nguvu ikiwa na mzigo, moshi mweusi, na juu ya injini mlio wa ta-ta-ta. Fundi anaseti tapeti, baada ya siku mbili mlio umerudi. Walipofungua wakakuta nundu moja ya kamshafti imelika, imebaki butu.

Kwa asiyeijua, kamshafti ni ule mtaimbo wenye nundu. Kila nundu inasukuma valvu ifunguke kwa wakati wake: moja ya kuingiza hewa, nyingine ya kutoa moshi. Injini ya silinda sita yenye valvu 12 ina nundu 12. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, ifunguke kiasi gani, ifunge lini. Nundu ikilika, valvu haifunguki vya kutosha na silinda ile inakosa pumzi.

Kikundi kililetewa njia tatu. Ya kwanza, kamshafti ya mtumba iliyotoka kwenye injini isiyo na turbo. Ya pili, ile ile ya zamani ijazwe kwa kuchomelea halafu isagwe. Ya tatu, mpya ya kuagiza, na kuisubiri. Kijana mmoja wa gereji akaongeza ya nne, ambayo nadhani aliitoa intaneti.

"Mzee, tutafute kemu ya mbio. Itapanda kama ndege."

"Mwanangu," mwenyekiti akamjibu, "sisi tunabeba magunia. Huko juu tunakwenda kufanya nini?"

Kijana hakuwa anaropoka. Wenye Toyota za injini ya 2JZ-GTE, nayo silinda sita mstari mmoja na turbo, hununua kamshafti za digrii 264 au 272. Digrii hizo ni muda ambao valvu inakaa wazi, ukihesabu kwa mzunguko wa krankishafti. Kadiri zinavyozidi, ndivyo nguvu inavyohamia kwenye mizunguko ya juu na kupungua chini. Lakini ile ni injini ya petroli ya kukimbiza gari dogo. Dizeli ya lori inafanya kazi yake kubwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika, na kwenye njia ya mchanga yenye tani za mpunga inafanyia chini zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye turbo, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa, kuna kitambo kidogo ambapo valvu zote mbili ziko wazi. Kwenye injini isiyo na turbo, inapozunguka kwa kasi, kitambo hicho kinasaidia: moshi unaotoka unavuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye turbo moshi haupiti kirahisi, unabanwa na gurudumu la turbo. Gari likiondoka na mzigo, turbo haijashika kasi, presha ya upande wa moshi inaweza kuzidi ya upande wa hewa. Kitambo kikiwa kirefu, moshi unarudi ndani ya silinda. Unakanyaga mafuta, unapata moshi mweusi.

Kuna na hili la kuwasha asubuhi. Dizeli haina plagi ya cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Valvu ya hewa ikichelewa kufunga, pistoni inapopanda inairudisha nje sehemu ya hewa hiyo. Inayobaki haibanwi vya kutosha. Baridi ya Juni na Julai ya Tabora mnaijua wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi ulikuwa mpya, yenye namba ya injini yao, yenye turbo. Injini mbili za familia moja, moja na turbo na nyingine bila, zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, hata kamshafti ikaingia bila kugoma. Kuingia tu hakutoshi. Chukua namba iliyogongwa kwenye bloku, chukua na namba ya spea, mpe muuza duka zote mbili. Akikwambia "zote ni zile zile," mwombe akuonyeshe kwenye kitabu.

Ile ya kuchomelea niliikataa kabisa. Nundu ina ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa moto kiwandani. Ukiijaza kwa welding ya mtaani na kuipiga tupa, ugumu ule haurudi, na umbo unalikadiria kwa jicho. Nundu ikizidi urefu, au taiming ikikosewa jino moja la gia, valvu inaweza kukutana na pistoni. Nafasi yao kwenye dizeli ni ndogo sana.

Mkishapata mpya, msirudishe tapeti za zamani. Zimelika kwa umbo la nundu iliyokufa, zitaitafuna na hii. Kagueni bushi za kamshafti na matundu yake ya oili. Muulizeni fundi kwa nini ile ya kwanza ililika. Mara nyingi jibu ni oili iliyokaa mpaka ikawa lami.

Kikundi kilikaa kikao kirefu, wengine wakinung'unika kwamba mnunuzi hasubiri. Mwishowe wakakubaliana: spea iagizwe, na mzigo wa kwanza upelekwe Nzega kwa lori la kukodi, kila mwanachama akatwe kulingana na magunia yake. Kuna mama mmoja mwenye magunia manne tu aliyeomba yake yasubiri safari ya pili, akaruhusiwa.