Bunduki na Darubini Katika Ardhi Moja

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika nchi jirani ya Zambia, fahali wawili wa namna hiyo wamelazimika kukaa pamoja kwa miaka mingi. Wa kwanza ni mwindaji mwenye leseni, ambaye huingia porini na bunduki akitafuta nyara na nyama. Wa pili ni mtazamaji wa ndege, ambaye huingia katika pori lile lile, mara nyingi katika miezi ile ile, akiwa na darubini na daftari tu. Wote wawili wameruhusiwa na sheria, na wote wawili wamelipa ada. Swali linalozikabili serikali za nchi jirani ni hili: ardhi moja ya umma yawezaje kuwatosha wote, pasipo mmoja kumdhuru mwenziwe, na pasipo mnyama wala ndege kutoweka?

Jambo hili si la wataalamu wa wanyama peke yao. Palipo na bunduki, leseni na mpaka, hapana budi pawe na askari. Na askari asiyeelewa kwa nini watu hawa wawili wako porini hawezi kumtambua wa tatu, yaani jangili, anayejificha nyuma yao. Kwa ajili hiyo inafaa kuangalia nchi jirani zimechagua njia zipi, na kila njia imezaa nini.

Kenya ilichagua kumtoa fahali mmoja zizini. Mwezi Mei mwaka 1977 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa ajili ya michezo, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara. Lakini uwindaji wa ndege haukuguswa. Kwa zaidi ya miaka 25 wenye leseni waliendelea kupiga kanga, kwale, njiwa na bata mwitu kwa bunduki za marisau. Katika kipindi hicho hicho utazamaji wa ndege nao ulikuwa ukikua. Mjini Nairobi, kuanzia mwaka 1971, Bibi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kila Jumatano asubuhi, ambayo yaliwafundisha wenyeji wengi kuwatambua ndege wa nchi yao kwa sura na kwa sauti. Mwaka 2003 upigaji wa ndege nao ukasimamishwa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza katazo la kuwinda kwa michezo.

Njia hiyo ina sifa ya kuwa wazi. Askari wa Kenya anayesikia mlio wa bunduki porini hahitaji kufikiri sana. Mlio wenyewe ni sababu ya kwenda kuuliza. Lakini marufuku hayakufuta njaa wala soko. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa nchi hiyo, ilidhihirika kuwa ndege wa majini, wakiwamo korongo walao konokono, walikuwa wakiuawa kwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani. Watu waliitia dawa hiyo ndani ya konokono, wakawatega ndege, kisha wakaiuza nyama yao kwa walaji. Bunduki husikika, sumu haisikiki. Hivyo Kenya imeumaliza ugomvi kati ya mwindaji halali na mtazamaji wa ndege, lakini kazi ya kumsaka mwuaji wa kimyakimya imebaki, na pengine imekuwa ngumu zaidi.

Zambia ilichagua njia ya pili, nayo ni kugawana. Nchi hiyo ina hifadhi za taifa, ambamo uwindaji hauruhusiwi. Kandokando ya hifadhi hizo yapo maeneo ya usimamizi wa wanyamapori. Humo wananchi huishi, hulima na huvua chini ya machifu wao, na uwindaji huruhusiwa kwa leseni na kwa idadi maalumu ya wanyama. Wanyamapori wenyewe, kwa mujibu wa sheria, wamo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya mwaka 1998 iliweka bodi za wananchi za kusimamia maliasili, ili sehemu ya fedha za uwindaji iwafikie wanakijiji wanaoishi na wanyama hao.

Mfano ulio bora kuliko yote ni bwawa la Bangweulu, kaskazini mwa Zambia. Jina hilo hutafsiriwa kuwa ni mahali maji yanapokutana na mbingu, na kweli jicho halioni kilima. Ni kusini mwa bwawa hilo, katika kijiji cha Chitambo, ambako David Livingstone alifariki dunia mwaka 1873, kisha Chuma na Susi pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Humo ndimo anamoishi swala wa majini aitwaye lechwe mweusi, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Humo pia yumo nzohe, swala wa matetereni. Hao huwindwa kwa leseni. Na humo yumo ndege ambaye watu huvuka bahari kuja kumwona, naye ni korongo-nyangumi, mrefu kama mtoto wa shule, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao. Wataalamu wamekadiria kuwa duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000 tu.

Tangu mwaka 2008 eneo hilo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6,000 limesimamiwa kwa ushirikiano wa serikali, bodi sita za wananchi na shirika la African Parks. Wanakijiji hawakuhamishwa. Wanavua, wanalima, na wana haki ya kutumia maliasili kwa utaratibu. Hivyo katika bwawa moja wamo mvuvi, mwindaji, mtazamaji wa ndege na askari.

Ugomvi wao hutoka wapi? Kwanza, hutoka katika majira. Korongo-nyangumi huanza kutaga wakati maji ya mafuriko yanapoanza kushuka. Wakati huo huo nchi kavu huanza kuonekana, wanyama hukusanyika, na msimu wa uwindaji hufunguliwa. Watazamaji wa ndege nao huja katika miezi hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo miezi ambayo ndege hupatikana.

Pili, hutoka katika saa. Mwindaji na mtazamaji wa ndege hutoka alfajiri, huenda kwa kunyata, huchukia kelele, na huvaa nguo zisizong'aa. Mambo hayo ndiyo yanayowafanya wasionane. Kila askari anajua kuwa marisau madogo hupoteza nguvu baada ya mita mia chache, lakini risasi ya bunduki kubwa iliyokosa shabaha huweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu. Katika uwanda wa Bangweulu hakuna mlima wala kichuguu cha kutosha kuizuia. Anayepiga bila kujua nini kiko nyuma ya shabaha yake anaweza kumwua mtu ambaye hakupata kumwona.

Tatu, ugomvi hutoka katika dhana. Mtazamaji wa ndege humwona mwindaji kuwa mharibifu, na mwindaji humwona mtazamaji kuwa mtu wa kumfukuzia wanyama. Ukweli hauko upande mmoja. Mwindaji mwenye leseni hampigi korongo-nyangumi. Adui wakubwa wa ndege huyo wamekuwa moto, kusumbuliwa, na wezi wa makinda wanaotafuta kuwauzia matajiri wa nchi za nje. Kwa upande mwingine, mtazamaji wa ndege asiye na bunduki anaweza kuua bila kukusudia. Wakati wa jua kali korongo huyo huchota maji kwa mdomo wake na kuyamwaga juu ya mayai ili yasiungue. Mtumbwi wa watazamaji ukisogea mno, mzazi huondoka, na mayai hubaki yakichomwa na jua.

Katika hali hiyo, amani ya Bangweulu haikutokana na kupendana. Imejengwa juu ya nguzo nne. Ya kwanza ni mpaka, yaani kila mmoja kujua anaporuhusiwa kwenda. Ya pili ni kalenda, yaani uwindaji kuwa na tarehe za kufunguliwa na kufungwa, kama vile uvuvi unavyofungwa nchini humo tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ya tatu ni daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kupigwa huwekwa kwanza, na kila anayeanguka huandikwa. Ya nne ni mlinzi. Mwindaji mgeni huandamana na ofisa polisi wa wanyamapori, na viota vya korongo-nyangumi vimewekewa walinzi walioajiriwa kutoka miongoni mwa wavuvi wa bwawa hilo hilo. Watu waliojua viota vilipo kuliko mtu mwingine yeyote sasa hupata riziki kwa kuvilinda.

Nguzo hizo zikitikisika, jengo zima hutikisika. Mwezi Januari mwaka 2013 serikali ya Zambia ilisimamisha uwindaji katika sehemu kubwa ya nchi, kufuatia tuhuma za rushwa katika utoaji wa vitalu na wasiwasi juu ya kupungua kwa simba na chui. Nia ilikuwa njema. Lakini katika maeneo mengi askari wa vijiji walikuwa wakilipwa kutoka katika mapato ya uwindaji, na mapato hayo yalipokatika doria zilidhoofika. Mwaka 2014 uwindaji wa wanyama wengi ulirudishwa, na mwaka 2015 sheria mpya iliweka wanyamapori chini ya idara ya serikali. Aidha, malalamiko ya wanakijiji kwamba fungu lao huchelewa kuwafikia yamesikika mara nyingi. Mwanakijiji aliyeahidiwa fungu akaambiwa angoje hawezi kulaumiwa peke yake akianza kutega mitego.

Uganda nayo imetoa somo dogo lenye uzito. Katika bwawa la Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, wavuvi waliamini kwamba kumwona korongo-nyangumi ni nuksi iharibuyo uvuvi, na walikuwa wakimwua. Siku hizi wapo wavuvi wanaowachukua watazamaji wa ndege kwa mitumbwi yao na kulipwa. Hakuna aliyewahubiria mpaka wakaiacha imani yao. Ndege aliye hai alianza kuwaletea fedha kuliko aliyekufa, na nuksi ikageuka kuwa bahati.

Tanzania haiko mbali na mambo haya. Iliwahi kufunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, kwa hiyo imezionja njia zote mbili. Korongo-nyangumi yule yule anaishi pia katika bonde la Malagarasi na Moyowosi, magharibi mwa nchi, eneo lililotangazwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Bonde hilo lina mapori ambamo uwindaji umekuwa ukifanyika kwa leseni, nalo liko jirani na mpaka wa Burundi. Yanayoitatiza Bangweulu yanaweza kuwafikia askari wa Kigoma na Tabora kesho.

Hapo ndipo wajibu wa majeshi ya ulinzi na usalama unapoonekana. Mtu mwenye darubini kichakani si lazima awe mpelelezi, wala mwenye bunduki si lazima awe jangili. Na wala leseni peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Kinachowatenganisha ni maswali machache yanayoulizwa kwa utulivu: kibali ni cha nani, cha mnyama gani, cha eneo gani, na cha tarehe zipi, silaha imesajiliwa kwa jina la nani, risasi zilizotumika ni ngapi na nyama iliyopo ni kiasi gani. Mtazamaji wa ndege naye ana wajibu wake. Asivae nguo zenye madoa ya kijeshi, ambazo raia haruhusiwi kuzivaa katika nchi nyingi za eneo hili. Asielekeze darubini kwenye kambi. Na akiulizwa na mlinzi karibu na kiwanja cha ndege, aeleze upesi kwamba ndege anaowatazama ni wenye manyoya. Mwindaji, kwa upande wake, atoe taarifa ya mahali atakapopiga kabla ya kuondoa kilinda-usalama cha bunduki yake.

Kenya na Zambia hazikufuata njia moja, na kila moja ina sababu zake. Lakini zote mbili zinashuhudia jambo moja. Katazo lisilo na doria huliachia pori sumu na mitego, na ruhusa isiyo na daftari huliachia rushwa. Fahali wawili wanaweza kukaa zizi moja iwapo zizi lina ua, lina mlango, na mlangoni amesimama mchungaji asiyepokea chochote kutoka kwa yeyote kati yao.