Nani Huamua Kinachotundikwa Ukutani? Fahamu Kazi ya Mtunzaji wa Sanaa

Mwaka 2022, kazi za msanii mzaliwa wa Migori zilionyeshwa Venice, Italia, katika mojawapo ya maonyesho makubwa zaidi ya sanaa duniani. Msanii huyo ni Dickens Otieno, aliyezaliwa mwaka 1979. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, naye Otieno alikua akizungukwa na vitambaa. Leo yeye hukata mikebe ya vinywaji kuwa vipande vyembamba, kisha huvisuka hadi vikaonekana kama nguo.

Otieno hakujipeleka Venice. Yeye na wenzake watatu, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani, walichaguliwa na Jimmy Ogonga, aliyesimamia banda la Kenya mwaka huo. Kazi aliyoifanya Ogonga ndiyo huitwa utunzaji wa sanaa, na mwenye kuifanya huitwa mtunzaji, au kyureta kama wengi wanavyosema. Ni taaluma ambayo vijana wachache katika kaunti za Migori na Homa Bay huitaja wanapoulizwa wanataka kuwa nani.

Kwa nini kazi hii ni muhimu

Umuhimu wake ulionekana pale ilipoenda mrama. Mwaka 2013, na tena mwaka 2015, banda lililobeba jina la Kenya huko Venice lilijaa kazi za wasanii ambao wengi wao hawakuwa Wakenya. Wasanii wa humu nchini walilalamika, na mwaka 2015 Serikali ilijitenga na banda hilo. Mwaka 2017 banda lilikabidhiwa Ogonga, na wasanii wa Kenya wakarudi katika nafasi yao.

Funzo ni kwamba anayechagua ndiye anayesimulia. Mtunzaji akikosekana, au akiwa mtu asiyewajua wenye sanaa, nchi nzima inaweza kusemewa na wengine.

Anafanya nini kila siku

Wengi hudhani mtunzaji ni mtu wa kufungua mlango na kupokea wageni. Maonyesho anayoyaona mgeni ni sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Kwanza, hufanya utafiti. Huwatembelea wasanii, huuliza maswali, husoma na kuandika. Pili, kila kitu kinachoingia ghalani hukipa nambari na kukiandikia rekodi: kimetengenezwa na nani, lini, kwa kutumia nini, kimepatikana vipi, na kina nyufa au madoa gani. Kitu kisicho na rekodi ni rahisi kupotea, na kikipotea ni vigumu kuthibitisha kilikuwa cha nani.

Tatu, hulinda. Jua hufifisha rangi, unyevu huleta ukungu, nao mchwa na panya hawajui tofauti ya mchoro wa thamani na gazeti la jana. Nne, hupanga maonyesho: kipi kikae karibu na kipi, maelezo yaandikwe kwa lugha gani, na kazi zilizoazimwa zisafirishwe na kukatiwa bima namna gani.

Katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, jengo lililofunguliwa mwaka 1930, kuna mtunzaji anayeshughulikia sanaa ya kisasa. Lydia Galavu amejulikana kwa kazi hiyo. Nje ya makavazi ya Serikali, kuna taasisi kama Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ambayo huonyesha kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki.

Visipotunzwa huenda

Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa na vitabu vya Afrika kwa miaka mingi. Serikali ilinunua nyumba yake ya Muthaiga, na matumaini yalikuwa igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika. Haikuwa hivyo, na baadaye nyumba ikabomolewa. Mkusanyo wake ungalipo: sehemu iko katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, na sehemu nyingine iko Nairobi Gallery. Nyumba ilienda, vitu vikabaki kwa sababu kulikuwa na watu waliovitunza.

Hapa kwetu

Eneo letu lina mengi ya kutunzwa. Thimlich Ohinga, huko Nyatike, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji tangu takriban karne ya 16. Iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, kuna michoro ya miamba ya Kwitone na Mawanga, yenye duara za rangi nyekundu na nyeupe, pamoja na makavazi ya jamii ya Abasuba. Katika kisiwa cha Rusinga kuna kaburi na makumbusho ya Tom Mboya. Majirani wetu wa Tabaka, Kisii, huchonga mawe yanayouzwa kote duniani.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti jukumu la makavazi na shughuli za kitamaduni. Majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo ngazi zote mbili zinahitaji watu waliosomea kazi hii.

Njia ya kuingia

Mwanafunzi anayependa sanaa anaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Michezo katika shule ya sekondari pevu. Anayependa historia ana mkondo wa Sayansi za Jamii. Katika chuo kikuu, masomo yanayofaa ni sanaa, historia, akiolojia na anthropolojia. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa, nacho Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha akiolojia.

Cheti pekee hakitoshi. Wengi huanza kwa mafunzo ya kazini katika makavazi au nyumba za maonyesho, wakibeba masanduku, wakiandika rekodi na kuelekeza wageni. Nafasi si nyingi, na wengine hufanya kazi kwa mikataba ya muda mfupi. Mzazi ana haki ya kumweleza mwanawe hayo. Hata hivyo, asimwambie kwamba sanaa si kazi. Otieno ameonyesha kwamba ni kazi, na waliomtafutia nafasi Venice wameonyesha kwamba kuna kazi nyingine kando yake.

Mkazi anaweza kufanya nini

• Ukigundua kitu cha kale shambani au ziwani, usikiuze wala kukivunja. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inataka utoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7.

• Ukitembelea michoro ya miamba, usiiguse, usiimwagie maji wala kuandika jina lako karibu nayo.

• Kama nyumbani kuna nyatiti, ngao, chungu au mchoro wa zamani, andika leo ni cha nani, kilitengenezwa lini na kilitumika vipi. Waulize wazee wangali hai.

• Wasanii, pigeni picha kila kazi kabla ya kuiuza na mwandike jina la mnunuzi. Mtunzaji atakapokuja kuwatafuta, hapo ndipo ataanzia.