Tenki la Upepo Huozea Tumboni

Tanga ni mji wa baiskeli, na penye baiskeli hapakosi fundi pancha, na penye fundi pancha hapakosi kompresa. Nyingi siku hizi ni mpya na nyepesi. Lakini bado utakutana na zile nzito za zamani, zilizojaza matairi kwenye sheli au kuhudumia karakana za mashamba ya mkonge. Mkonge uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha tani 230,000 hivi kwa mwaka. Ulikuwa na reli zake shambani, mitambo yake ya kusindika singa, na mafundi wa kuitunza. Bei ilipoporomoka, vyuma vingi vikaishia kwenye mizani ya skrepa.

Wapo wanaovinunua ili vifanye kazi tena, si ili viyeyushwe. Marekani na Ulaya hiyo ni burudani yenye wafuasi wengi: watu hukusanya vifaa vya upepo vya sheli za kale, kuvipaka rangi na kuviweka kwenye gereji za nyumbani. Kinachopendwa sana ni mnara wa kujazia matairi wa chapa ya Eco, ambao nadhani ni mashine yenye akili kuliko umbo lake. Unazungusha mpini wa pembeni hadi namba ya presha unayotaka itokee kwenye kidirisha, kisha unachomeka mpira kwenye tairi. Upepo hautoki mfululizo bali kwa mikupuo, na kila mkupuo unagonga kengele. Katikati ya mkupuo na mkupuo mashine inapima upepo uliomo ndani ya tairi. Presha ikitimia, kengele inanyamaza, na dereva anajua amemaliza bila hata kuinama. Hakuna umeme ndani yake wala chipu. Ni springi, kiwambo na vali tu.

Huku kwetu anayetaka kufufua kitu cha aina hiyo uani kwake ataanza na kompresa yenyewe, na ataanza vibaya. Ataanza na rangi.

Itazame kwanza ilivyo. Juu kuna kichwa cha chuma cha kusubu chenye mapezi ya kupoza. Kwenye kompresa kubwa za sheli utaona silinda mbili, moja nene na moja nyembamba, zimeunganishwa na bomba lenye mapezi. Sababu yake ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa kwa mkupuo mmoja hadi presha iwe mara tisa ya kawaida, bila kupewa nafasi ya kupoa, kinadharia inakaribia nyuzi 300. Kwa joto la namna hiyo mafuta yanayopenya kwenye ringi za pistoni huungua na kuacha masizi magumu kwenye vali ya kutolea. Vali haifungi sawasawa, hewa ya moto inarudi ndani, joto linazidi, masizi yanaongezeka. Ndiyo maana watengenezaji waligawa kazi: silinda nene inabana mara tatu, bomba linapoza, silinda nyembamba inabana tena mara tatu. Kila hatua inaishia nyuzi 140 hivi.

Kichwa hicho hufufuka. Fungua bolti, toa masizi, badilisha ringi, gasketi na vile vibati vyembamba vya vali, weka mafuta ya kompresa (si ya injini ya gari), na chuma cha miaka sitini kitabana upepo kama kawaida. Sehemu ndogo zenye kutu kama kapi na mabano zinaweza kusafishwa kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye kitu chenye kutu na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani hutoa kemikali za kromiamu zenye sumu. Usitie chumvi badala ya magadi, maana utatengeneza gesi ya klorini. Na kazi hiyo ifanyike nje, kwa sababu mapovu unayoyaona ni haidrojeni.

Tenki ndilo lenye matatizo, na pwani yetu inalitesa kuliko sehemu nyingi.

Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, presha huongezeka maradufu. Ila hewa ya Tanga si gesi kavu. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, mita moja ya ujazo imebeba gramu 24 hivi za maji kwa umbo la mvuke. Ibane kwenye tenki hadi geji isome bar 8, yaani psi 116, na hiyo mita moja inakuwa lita 111 tu. Ikishapoa, nafasi hiyo haiwezi kushika zaidi ya gramu tatu na nusu za mvuke. Gramu 20 zilizobaki zinageuka maji. Chukua kompresa ya wastani inayovuta lita 200 kwa dakika, ifanye kazi saa tano kwa siku: inavuta mita 60 za ujazo, na ndani ya hewa hiyo mnatoka zaidi ya lita moja ya maji. Kila siku. Sehemu kubwa hulala chini ya tenki, kwa kuwa ndiko hewa ya moto inakopoa.

Maji hayo yamekaa na hewa iliyobanwa, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka ndani yake ni nyingi mara kadhaa kuliko kwenye maji ya ndoo. Kama kompresa iko Raskazone au Pangani, kichujio kikiwa kimechoka, inavuta na chembe za chumvi ya bahari. Kloridi ya chumvi haili chuma kwa usawa; inachimba vishimo. Kwa nje tenki linang'aa kwa rangi ya kupuliza, kwa ndani mstari wa chini kabisa umekuwa kama ndui. Fungua koki ya chini ya kompresa iliyosahaulika: kwanza hutoka ukimya, kwa kuwa koki imeziba, na ukiichokoa kwa waya hutoka uji wa rangi ya matofali wenye mafuta. Magamba meusi yakitoka pamoja na uji huo, ujue hayo yalikuwa ukuta wa tenki.

Hesabu yake si ngumu. Tenki la kipenyo cha sentimita 45 lenye ukuta wa milimita 5, likiwa na bar 10, chuma chake kinavutwa kwa megapaskali 45. Chuma laini huanza kunyumbuka moja kwa moja karibu na megapaskali 250, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Ukuta ukiliwa hadi milimita moja na nusu, mvuto unafika 150. Kwenye vile vishimo unazidi, na mota inapowaka na kuzima mara nyingi kwa siku, vishimo vinazaa nyufa. Mvuto wa kuzunguka tumbo ni maradufu ya ule wa kuelekea ncha zake mbili, ndiyo maana matenki hupasuka kwa urefu, kama soseji.

Na likipasuka? Tenki la lita 200 lenye bar 10 limehifadhi nishati ya kilojouli 300 hivi, inayotosha kurusha gari la tani moja juu mita 30. Kwa sababu hiyo tenki hupimwa kwa maji, kamwe si kwa upepo. Lijaze maji mpaka hewa yote itoke, kisha pampu ya mkono ipandishe presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi. Maji hubanika kidogo mno: lita 200 kwa bar 15 yanahifadhi jouli mia moja hivi, sawa na jiwe la kilo kumi kuanguka mita moja. Ukuta ukishindwa, wewe utalowana tu.

Kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio hakutoshi, hata kama fundi ana masikio makali. Kipo kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti: sauti hupita ndani ya chuma kwa takriban mita 5,900 kwa sekunde, na kwenye ukuta wa milimita 5 huenda na kurudi kwa muda wa sehemu 1.7 za milioni moja ya sekunde, yaani sekunde 0.0000017. Kifaa kinasoma muda huo na kukupa unene. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, wana jukumu la kukagua vyombo vya presha kwenye maeneo ya kazi. Kompresa ya uani kwako huenda hakuna atakayekuja kuikagua, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwa kiraka cha kuchomelea. Kiraka kinaziba tundu unaloliona. Vishimo vilivyo pembeni yake vimebaki palepale, na sasa vimepitiwa na moto.

Geji nayo ipimwe. Ndani yake kuna mrija bapa uliopinda, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Presha ikiingia mrija unajaribu kunyooka na kusukuma mshale. Mrija uliochoka unadanganya. Linganisha na geji mpya kwenye bomba moja, halafu badilisha vali ya usalama hata kama inaonekana nzima, kwa sababu springi yake imeishi kwenye chumvi ileile.

Ushauri wangu kwa mpenda vyuma vya kale ni kuoanisha kichwa cha zamani na tenki jipya lenye kibao cha presha yake, na koki ya chini ifunguliwe kila jioni. Tenki la zamani, kama unalipenda kwa umbo lake, liweke kama pambo. Lakini kabla ya kulipaka rangi, toboa tundu la milimita 12 kwenye tumbo lake, mahali ambapo bolti haiwezi kuliziba kirahisi. Hata ukiamua kuliuza skrepa, toboa kwanza, maana tenki zima kwenye mizani ya skrepa hupata mnunuzi wa pili kabla halijafika tanuruni.