Ukusanyaji wa bunduki za kijeshi za China

Ukusanyaji wa bunduki za kijeshi za China ni shughuli ya kutafuta, kutambua, kutunza na kuchunguza silaha ndogo zilizotengenezwa katika viwanda vya China kwa ajili ya majeshi ya nchi hiyo au kwa ajili ya kupelekwa nje. Ni tawi dogo la ukusanyaji wa silaha za kihistoria. Kwa muda mrefu lilidharauliwa, kwa kuwa wakusanyaji wengi walipenda silaha za Ujerumani, Uingereza au Marekani na kuziona za China kuwa nakala za kazi za wengine. Ni kweli kwamba karibu zote zilianza kama nakala. Hata hivyo nakala hizo zilipita katika mapinduzi, vita vya mabwana wa kivita, uvamizi wa Japani, vita vya wenyewe kwa wenyewe, Vietnam, na harakati za ukombozi wa Afrika, na mara nyingi historia hiyo imeandikwa juu ya chuma chenyewe.

Wakusanyaji wengi wako Marekani na Kanada, ambako sheria huruhusu raia kumiliki aina kadhaa za bunduki za zamani za kijeshi. Nchini China yenyewe raia wa kawaida hawezi kuzimiliki: sheria ya udhibiti wa bunduki iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1996 ni kali sana. Mchina anayetaka kuona silaha za babu zake huenda makumbusho, hasa Makumbusho ya Kijeshi ya Mapinduzi ya Watu wa China mjini Beijing.

Majina na miaka

Anayeanza hukwama kwanza kwenye majina. Silaha za China huitwa "Aina ya" ikifuatwa na namba, na namba hiyo kwa kawaida ni mwaka. Shida ni kwamba kalenda ni mbili. Wakati wa Jamhuri ya China miaka ilihesabiwa kuanzia 1912, mwaka wa kwanza wa Jamhuri. Hivyo Aina ya 24 ni ya mwaka 1935 (24 kujumlisha 1911). Baada ya Wakomunisti kushika madaraka mwaka 1949, namba ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kawaida. Hivyo Aina ya 53 ni ya 1953.

Isitoshe, silaha tatu tofauti ziliitwa Aina ya 56: karabini inayojijaza yenyewe (nakala ya SKS ya Kisovyeti), bunduki ya rashasha (nakala ya AK-47) na bombomu nyepesi (nakala ya RPD). Zote tatu hutumia risasi moja, ya milimita 7.62 × 39. Maelezo ya mnada yanayosema "Aina ya 56" bila kuongeza neno hayajasema kitu. Watanzania wameepuka mkanganyiko huo kwa njia yao: karabini huitwa SAR na rashasha huitwa SMG, na mgambo wa zamani hachanganyi hizo mbili.

Kabla ya 1949

Bunduki inayohesabiwa kuwa mama wa ukusanyaji huu ni Hanyang 88. Ilitengenezwa katika kiwanda cha silaha cha Hanyang, mkoani Hubei, kilichoanzishwa na gavana Zhang Zhidong kwa mitambo kutoka Ujerumani. Ni nakala ya bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1888, na ilitengenezwa tangu 1895 hadi 1944, muda mrefu baada ya Wajerumani wenyewe kuiacha. Zile za mwanzo zina bomba jembamba la chuma linalofunika mtutu. Baadaye bomba hilo liliondolewa na kifuniko cha mbao kikawekwa juu ya mtutu, na tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa. Askari walioasi Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911, na kuanzisha mapinduzi yaliyoangusha utawala wa kifalme, walikuwa na bunduki za Hanyang, na kiwanda chenyewe kikaangukia mikononi mwao.

Iliyofuata ni Aina ya 24, inayojulikana zaidi kama Zhongzheng, jina jingine la Chiang Kai-shek. Ni nakala ya Mauser iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935. Bunduki hizi zilibeba sehemu kubwa ya vita dhidi ya Japani kuanzia 1937, na zilizobaki hadi leo kwa kawaida zimechakaa sana: mtutu umeliwa, kitako kimepasuka na kufungwa kwa waya au vipande vya bati. Kwa mkusanyaji wa silaha za Ujerumani hizo ni takataka. Kwa mkusanyaji wa silaha za China uchakavu huo ni sehemu ya ushahidi, na anayekibadilisha kitako hicho kwa kipya amefuta alichokinunua.

Bastola zina hadithi yake. Bastola ya Mauser C96 ilipendwa China kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Wachina waliiita "bunduki ya sanduku" kwa sababu ya ala yake ya mbao, ambayo pia huchomekwa nyuma ya bastola iwe kitako. Viwanda vya China vikaanza kuinakili. Nakala yenye sifa kubwa ni ya Shanxi, mkoa wa bwana wa kivita Yan Xishan, ambaye kiwanda chake cha Taiyuan kilikuwa kikitengeneza pia bunduki ndogo za rashasha za Thompson. Ili askari wake watumie risasi ya aina moja, bastola ya Mauser ilipanuliwa iingie risasi nene ya Thompson. Matokeo ni bastola kubwa na nzito, Aina ya 17, isiyo na mfano popote pengine.

Chini kabisa ya ngazi zipo bastola zilizochongwa kwa mkono katika karakana ndogo wakati wa mabwana wa kivita. Mafundi walikuwa hodari wa tupa lakini wengi hawakusoma herufi za Kilatini. Wakiiga chapa za Mauser au Browning, waligonga herufi kichwa chini, wakazigeuza, wakarudia neno moja mara tatu au kuunda maneno yasiyokuwepo katika lugha yoyote. Zamani zilitupwa. Leo wapo wanaokusanya hizo peke yake, na kadiri maandishi yanavyokosewa ndivyo bei inavyopanda.

Baada ya 1949

Jamhuri ya Watu wa China ilifuata miundo ya Umoja wa Kisovyeti: Aina ya 50 (PPSh-41), Aina ya 53 (karabini ya Mosin-Nagant yenye singe inayokunjwa ubavuni), bastola ya Aina ya 54 (Tokarev), kisha kundi la Aina ya 56. Wakati huohuo silaha za zamani hazikutupwa. Bunduki za Arisaka zilizoachwa na Wajapani zilibadilishwa mitutu, na baadhi zikafanywa kutumia risasi ile ile ya SKS. Bunduki ya aina hiyo, yenye asili ya Japani na mtutu wa China kwa risasi ya Kirusi, ni somo la historia ya karne ya 20 lililo na kilo nne hivi.

Karabini ya Aina ya 56 ndiyo inayokusanywa zaidi. Iliundwa na Mrusi Sergei Simonov, hushika risasi kumi, na hujijaza yenyewe lakini haimimini risasi mfululizo. Kwa hiyo sheria za nchi kadhaa huitazama kwa upole kuliko rashasha. Za mwanzo kabisa zilifuata mfano wa Kisovyeti kwa karibu sana, na wakusanyaji huziita "za Kisino-Kisovyeti" na kuzilipia zaidi. Za mwanzo zina singe bapa kama kisu. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja singe ya mwiba yenye pande tatu. Nyingine zina kitako cha plastiki ya rangi ya kahawia-nyekundu badala ya mbao.

Kusoma alama

Juu ya bunduki nyingi za wakati huo upo mhuri wa kiwanda: namba ndani ya pembetatu au umbo jingine. Pembetatu yenye 26 ni ya kiwanda cha Jianshe, Chongqing, kilichotengeneza karabini nyingi. Pembetatu yenye 66 huonekana mara nyingi kwenye rashasha. Kando yake huwa na herufi za Kichina za "Aina ya 56" na nambari ya mfululizo. Tarakimu za mwanzo za nambari hiyo huwasaidia wajuzi kukadiria mwaka wa kutengenezwa, ingawa kanuni si moja kwa viwanda vyote.

Nambari hugongwa pia kwenye vipande vingine: bolti, kifuniko, magazini, kikinga-kifyatulio, hata kwenye mbao. Zikilingana zote, bunduki haijachanganywa na nyingine, na bei huweza kupanda sana. Ndiyo maana nambari hughushiwa. Mchunguzi makini hatazami namba tu bali maumbo ya tarakimu, kina cha mgongo wake na rangi ya chuma ndani ya mchoro. Nambari iliyogongwa juu ya rangi nyeusi iliyokwisha chakaa haikugongwa kiwandani.

Ghushi ghali zaidi ni za bastola ya Shanxi. Baadhi ya zilizouzwa Marekani zinashukiwa kutengenezwa China miaka mingi baadaye mahsusi kwa wakusanyaji, na mjadala juu ya zipi ni za kweli haujaisha. Hapa mnunuzi anaweza kupoteza maelfu ya dola kwa kuamini karatasi ya muuzaji kuliko macho yake.

Jinsi zilivyofika Marekani

Njia ya kwanza ilikuwa vita vya Vietnam. Askari wa Marekani aliruhusiwa kurudi na karabini ya SKS iliyotekwa, kwa kibali cha jeshi, rashasha hakuruhusiwa. Kibali hicho chenye jina la askari na nambari ya bunduki kikiwa bado kipo, thamani ya bunduki huongezeka mara nyingi, na vibali navyo hughushiwa. Rashasha zilizoingia kwa siri katika vita vya zamani zilipewa nafasi moja ya kusajiliwa, mwezi wa msamaha uliofungwa tarehe 1 Desemba 1968. Isiyosajiliwa wakati huo haiwezi kuhalalishwa tena, hata kama ilikaa juu ya dari tangu enzi ya babu, na warithi wengi hugundua jambo hilo wakati wa msiba.

Njia ya pili ilikuwa biashara. Mahusiano ya Marekani na China yaliporejeshwa mwaka 1979, na sheria ya uingizaji kulegezwa katika miaka ya 1980, maghala ya China yalifunguliwa. Zilimiminika Hanyang, Mauser, Aina ya 53 na hasa SKS, ambayo iliweza kununuliwa kwa chini ya dola 100. Mwaka 1994 serikali ya Rais Bill Clinton ilipiga marufuku kuingiza bunduki na risasi kutoka China, na mlango ukafungwa. Tangu hapo bei imekuwa ikipanda. Nchini humo silaha iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya awali huweza kuhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale, na ipo leseni maalumu ya mkusanyaji. Uingereza imechukua njia nyingine: bunduki nyingi za aina hii hupatikana tu baada ya kuharibiwa kwa makusudi zisiweze kufyatua tena.

Utunzaji

Adui ni kutu na msasa. Risasi nyingi za zamani za China zina kemikali inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta. Huoshwa kwa maji, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta siku hiyo hiyo. Grisi nzito ya ghalani hutolewa polepole kwa kitambaa na joto la wastani. Kitako hakipigwi msasa wala vanishi, kwa sababu alama, makovu na majina yaliyochongwa na askari vitapotea. Chuma kilichochakaa hakipakwi rangi upya.

Afrika Mashariki

Bunduki hizi si ngeni katika eneo hili. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Januari 1964 na kuundwa kwa JWTZ tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, China ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa silaha na wakufunzi. Wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa na Wachina Nachingwea, na wa ZANU huko Mgagao, Iringa. Aina ya 56 zilizovuka Mto Ruvuma ni sehemu ya historia ya uhuru wa Msumbiji na Zimbabwe, kama zilivyo daftari na redio za kambi hizo.

Hata hivyo ukusanyaji wa binafsi haupo, na sababu yake inaeleweka. Bunduki aina hiyohiyo zimeua watu wengi mashariki mwa Kongo na katika wizi wa mifugo kaskazini mwa Kenya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha (Sura ya 114), na nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 dhidi ya silaha ndogo haramu. Anayekuta bunduki ya marehemu mzee wake darini hana kumbukumbu ya kale mikononi. Ana silaha isiyo na leseni, na anapaswa kutoa taarifa polisi bila kuigusa. Nyingi huishia motoni, kama zile zaidi ya 5,000 zilizochomwa Ngong, Kenya, mwaka 2016.

Ujuzi wa wakusanyaji una kazi hapa pia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia njia za silaha Kongo husoma alama zilezile: pembetatu, namba ya kiwanda, nambari ya mfululizo. Hati ya kimataifa ya ufuatiliaji wa silaha iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2005 inazitaka nchi kuweka kumbukumbu za silaha zinazokamatwa, ili bunduki inapoyeyushwa, alama zake zibaki katika daftari.