Mlezi wa mgonjwa wa akili naye ahitaji kupumua

Majuma machache baada ya mgonjwa wa akili kuruhusiwa kutoka hospitalini, jamaa wengi wa Kiriaini na vijiji vya karibu, Kaunti ya Murang'a, hugundua kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza. Majirani wanapoamkia mashambani kuchuma majani chai, mama au dada mmoja hubaki nyumbani akihesabu vidonge na kuchungulia kila mara chumba anacholala mgonjwa.

Kliniki nayo ni safari. Wageni huchanganyikiwa hapa, kwani Mathari ni mbili: hospitali ya misheni ya Consolata, Nyeri, na ile ya serikali jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, ambayo ndiyo ya rufaa kwa maradhi ya akili.

Hata hivyo, kinachomrudisha mgonjwa wodini si lazima kiwe uzembe. Huweza kuwa bidii iliyopita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, George Brown na wenzake mjini London waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili. Waliorejea kwa wazazi au wake zao walizidiwa upya mara nyingi kuliko waliokwenda kwa ndugu au kwenye nyumba za kupanga. Uchunguzi uliofuata ulitaja lawama za kila siku, uhasama, na pia ulinzi unaomgeuza mtu mzima kuwa mtoto mchanga. Mwaka 1976, Christine Vaughn na Julian Leff walibaini kwamba katika nyumba za aina hiyo hatari iliongezeka mgonjwa na jamaa yake walipokaa ana kwa ana zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Hayo hayamaanishi kwamba familia ndiyo iliyoleta skizofrenia. Mama aliyekesha siku tatu hufoka kwa uchovu, si kwa chuki. Kwa hiyo anapokwenda sokoni, kanisani au kwenye chama cha akina mama, hamtelekezi mwanawe. Saa hizo ni sehemu ya tiba ya wote wawili. Sharti tu ajulikane anayeshika zamu. Kaka aliye Nairobi anayetuma pesa kwa simu amesaidia, lakini zamu hajaishika.

Mgonjwa akikataa vidonge, wengine humtilia kwenye uji kwa siri. Akigundua, atakishuku chakula chote. Afadhali mlezi amuulize mhudumu wa kliniki kuhusu sindano inayodungwa kila baada ya majuma kadhaa. Wapo pia wanaofikia kumfunga mgonjwa kwa minyororo, jambo lililoandikwa na shirika la Human Rights Watch mwaka 2020, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa serikali za kaunti jukumu la kusogeza huduma karibu na jamii. Jamaa wana haki ya kuidai katika zahanati yao.

Kuzidiwa mara nyingi hutanguliwa na dalili: usingizi kupotea, kujitenga, kuacha kuoga, shuku zisizo na msingi. Mlezi aziandike pamoja na tarehe, kwani ndizo atakazoulizwa na daktari.