Tangazo la Maonyesho ya Mitishamba, Bustani na Ususi: Istilahi na Majina ya Mimea

Maonyesho ya mimea ya dawa, ya kilimo cha bustani na ya kazi za mikono zitokanazo na mimea ni jambo ambalo mwananchi hulielewa mara moja akilitazama. Lakini jambo hilohilo likifika mezani kwa mfasiri au kwa karani anayetakiwa kuliandikia tangazo, huzaa matatizo ambayo si haba. Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza baadhi ya matatizo hayo, hasa lile la majina ya mimea, kwa kuwa kosa la jina la mmea si sawa na kosa la jina la meza au la kiti: mtu aweza kuunywa mmea.

Tuuchukue mfano wa Nakwa, katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Tuseme wakazi wa huko wamekusudia kuandaa siku moja ya maonyesho ya namna hiyo, na ofisa mmoja ameagizwa kuandika tangazo, vibandiko vya kuwekwa mbele ya kila mmea, na karatasi ya maelezo kwa walimu watakaowaleta wanafunzi wao. Ofisa huyo anakabiliwa na hali ambayo mwenzake wa pwani hanayo. Mkoa wa Manyara una Wairaqw na Wagorowa, ambao lugha zao ni za Kikushi. Una Wadatoga na Wamaasai wenye lugha za Kiniloti. Una Wambugwe na Warangi, ambao ni Wabantu. Na una Wahadza, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu. Mmea mmoja unaoota nyuma ya nyumba waweza kuwa na majina manne au matano kabla hujavuka barabara. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote hao, walakini majina mengi ya mimea yaliyomo katika kamusi zetu yalikusanywa pwani, na mimea ya huko siyo yote inayoota bara.

Tuanze na jina la shughuli yenyewe. Wako watakaoiita *tamasha*. Neno hili si baya, ila huleta fikra ya ngoma na burudani kwanza, na mimea baadaye. *Gulio* ni neno zuri la Kibantu, lenye mzizi uleule wa *kugula*, yaani kununua, katika lugha nyingi za jamii hiyo. Bali gulio ni mahali pa kununulia na kuuzia tu. *Mnada*, ambao pwani ni kuuza kwa kushindanisha bei, huko bara ya kaskazini na kati umekuwa jina la soko la siku maalumu, na mtu wa Babati akisikia mnada ataleta ng'ombe. Basi limebaki *maonyesho*. Ndilo linalotumika kwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ambayo kwa kanda ya kaskazini hufanyika katika viwanja vya Themi, Arusha, kila mwezi wa Agosti. Siku hizi matangazo mengi ya serikali huandika *maonesho*, na wanaofanya hivyo wana hoja yao ya kinyambulisho. Sisi hapa tumeshika umbo la zamani. Lililo muhimu ni kwamba tangazo moja lisiwe na yote mawili, kama tunavyoona mara kwa mara.

Neno *mitishamba* lina historia ya kufurahisha. Mgeni wa lugha angedhani kwamba ni miti iliyolimwa shambani, ilhali sehemu kubwa ya dawa hizo huchimbwa porini. Ufafanuzi umo katika maana ya kale ya *shamba* kwa watu wa miji ya pwani: shamba ni kule nje ya mji. Dawa za miti shamba, basi, ni dawa zitokazo huko nje. Tena neno *miti* lisituhadae, maana ngeli ya M-/MI- haipimi urefu. Mchicha, mrehani na mchaichai vyote vimo humo pamoja na mvule. Kwa hiyo mfasiri asiseme kwamba nanaa haiwezi kuwa mtishamba kwa sababu si mti.

Hata hivyo, *mitishamba* haitoshi kila mahali. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja ambalo hubeba mambo matatu: mmea wa dawa, jani la kukolezea chakula, na, kwa wataalamu wa elimumimea, mmea wowote usiokuwa na shina la mbao. Kiswahili hutenganisha. La kwanza ni *mtishamba*; la pili ni *kiungo*, ingawa viungo huingiza pia iliki, karafuu na mdalasini, ambavyo si majani; la tatu halina neno moja, na twaonelea liandikwe kwa maelezo, *mmea usio na mbao*. Kwa maana hiyo ya tatu mgomba umo pia, licha ya ukubwa wake. Mfasiri atakayeweka *mitishamba* katika nafasi zote tatu atawaambia wanafunzi wa Babati kwamba mgomba ni dawa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba *dawa za kienyeji* ni jina linaloanza kuachwa katika maandishi ya serikali, kwani neno *kienyeji* limepata harufu ya kudharau. Sheria ya mwaka 2002 imetumia *tiba asili* na *tiba mbadala*, na ni vema tuzifuate.

Kwa upande wa bustani hatuna haja ya kukaa sana, kwa maana wakulima wametutangulia. Wana *kitalu* cha kuoteshea miche, *tuta* la kupandia, *samadi* itokayo kwa wanyama na *mboji* itokanayo na majani yaliyooza, *matandazo* ya kuhifadhi unyevu, na vitenzi *kuatika*, *kupandikiza*, *kupogoa* na *kubebesha*. Mtu aliyeandika *kitanda cha mboga* alikuwa na kamusi mkononi, lakini hakuwa amemwuliza mkulima hata mmoja.

Kuhusu kazi za mikono, tangazo lisiandike *ufundi wa kibotania*, fungu la maneno lisilomwonyesha mtu chochote. *Ususi* watosha kwa mikeka, vikapu, pakacha na nyungo. Na kama vipo vitu visivyosukwa, basi *kazi za mikono zitokanazo na mimea*. Vibandiko vitaje mali iliyotumika: *ukindu*, *miyaa*, *katani*, au magamba makavu ya mgomba. Hapa pana mtego mdogo. Kibuyu kinachowekewa maziwa katika nyumba nyingi za wafugaji hakitoki katika mbuyu. Hutoka katika mmumunye, mmea utambaao, wa jamii ya maboga. Mwalimu asiyejua hilo atawaonyesha watoto mti usiohusika.

Sasa tufike kwenye jambo lenye hatari. Mwarobaini ni mti uliotoka Bara Hindi, nao umepewa jina hilo kwa kusadikiwa kwamba hutibu maradhi arobaini. Jina la kitaalamu ni *Azadirachta indica*. Upo mti mwingine wa Asia, *Melia azedarach*, ambao watu wengine huuita mmelia, uliopandwa sehemu nyingi kwa kivuli, mapambo na mbao. Miti hii ni ya ukoo mmoja na hufanana, na wapo watu wengi wanaoiita yote miwili *mwarobaini*. Tunda la mti huu wa pili ni sumu. Anayechuma akiamini kwamba ana mwarobaini, akachemsha na kumnywesha mtoto, jina limempotosha.

Wala si wananchi peke yao waliochanganya. Linnaeus mwenyewe, alipoipa mimea majina mwaka 1753, aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja ya *Melia*. Mpaka mwaka 1830 ndipo mwarobaini ulipotengwa na kupewa jina ulilo nalo leo. Majina yote mawili, *azedarach* na *azadirachta*, yana asili moja ya Kiajemi, yenye maana ya mti huru. Kwa hiyo kuandika jina la Kilatini peke yake kwenye kibandiko hakumsaidii msomaji. Herufi zinakaribiana mno.

Linalomsaidia ni maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vyake vyenye kingo za meno hupangika ubavuni mwa uti huo. Jani la mmelia lina uti unaotoa vitawi, na vijani hukaa juu ya vitawi hivyo, yaani jani limegawanyika mara mbili, pengine mara tatu. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo, yakiiva huwa ya manjano, na hubaki yananing'inia hata majani yakishapukutika. Maneno *uti*, *kijani* kwa maana ya jani dogo, *kingo* na *kitawi* yote ni ya kawaida. Hapakuhitajika kuunda istilahi hata moja, ila kuyatumia yaliyopo kwa maana isiyoyumba.

Uangalifu huohuo wahitajika katika vitenzi vya kutengeneza dawa. *Kuloweka* si *kuchemsha*, na *kuponda* si *kusaga*. Karatasi nyingi huandika *tengeneza chai* kwa kila kitu kinywewacho kikiwa moto. Kwa mchaichai hapana ubaya, kwa kuwa hata jina lake limeundwa na watu kutokana na chai, lakini kwa magome yanayotakiwa kulowekwa usiku kucha neno hilo ni upotoshaji. *Kufukiza*, kwa asili, ni kwa moshi, kama ubani katika chetezo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, *kujifukiza* kulienea nchini kwa maana ya kujifunika na kuvuta mvuke wa majani yaliyochemshwa, na pamoja nako neno *nyungu*, ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu ni chungu tu cha kupikia. Maana hiyo mpya imekwisha kukubalika na hatuna sababu ya kuipinga. Bali mwandishi aseme *kwa mvuke* au *kwa moshi*, maana mapafu ya mgonjwa hayatambui mabadiliko ya lugha.

Kuhusu majina ya mimea isiyo na jina katika Kiswahili, ambayo Babati haikosi, twapendekeza ofisa wetu asiharakishe kubuni. Na aandike jina la Kigorowa, la Kiiraqw au la Kidatoga kama wenyewe wanavyolitamka, aonyeshe ni la lugha gani, kisha aongeze maelezo mafupi ya jani, ua na tunda. Jina likionekana linatumiwa na watu wa lugha zaidi ya moja sokoni, hapo ndipo linapostahili kufikiriwa kuingizwa katika Kiswahili, kwa kupewa kiambishi cha M- kama yalivyopewa mengine. Wasomaji walio na orodha za namna hiyo watuandikie. Nasi tungeomba kila jina liambatane na tawi lililokaushwa kati ya karatasi, lenye jani zima pamoja na uti wake, na si kijani kimoja.