Ruta Isiyoalikwa

Dalili yake humchanganya hata fundi mzoefu. Kompyuta moja ofisini haioni printa wala mfumo wa malipo, ilhali ya meza ya pili inafanya kazi bila shida. Kabla ya kumlaumu anayewauzia intaneti, tafuteni kama kuna mtu aliyechomeka ruta yake ukutani.

Kompyuta inapowashwa huwa haina anwani. Kwa utaratibu uitwao DHCP, uliochapishwa mwaka 1993, inatangazia mtandao mzima kwamba inahitaji anwani, na kwa kawaida hukubali jibu linalotangulia. Haimuulizi anayejibu kitambulisho. Mwaka 2001 ilitolewa njia ya kumthibitisha, lakini wachache mno waliitumia, kwani ililazimu kila kifaa kiandaliwe mapema kwa siri yake.

Mjini Isiolo hatari hii inaingia kirahisi. Tangu Starlink ianze kuuza huduma Kenya, Julai 2023, ofisi yenye faiba inaweza kuongeza sahani juu ya paa, na ruta ya sahani nayo inagawa anwani. Ikiunganishwa ovyo kwenye swichi ya ofisi, wagawaji wanakuwa wawili. Waliopewa anwani na ruta ngeni huelekezwa kwenye lango lisilojua seva za ofisi ziko wapi.

Hiyo ni ajali tu. Mwenye hila huja na kompyuta yake, akajibu upesi na kujitaja kuwa ndiye lango. Mawasiliano ya wenzake yakapitia kwake. Wala VPN si kinga kamili: Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walieleza mbinu ya TunnelVision, inayotumia kipengele namba 121 cha DHCP kuyatoa mawasiliano nje ya njia hiyo ya siri.

Dawa iko kwenye swichi zinazosimamiwa, na menyu zake huiita DHCP snooping. Fundi huteua tundu linaloelekea kwenye seva halali kuwa la kuaminiwa. Jibu la kugawa anwani likitokea tundu jingine lolote, swichi inalitupa. Pia inaweka daftari la kifaa, anwani na tundu lake, na daftari hilo husaidia kuwanasa wanaojifanya lango kwa njia nyingine. Angalizo: tundu linalounganisha swichi na swichi likisahaulika, ghorofa nzima itakosa anwani, na lawama zitakuwa za fundi.

Swichi za bei ya chini, zisizo na menyu yoyote, haziwezi kazi hii. Mwenye nazo aendeshe amri ya ipconfig /all kwenye Windows, asome mstari wa DHCP Server na kuulinganisha na anwani ya seva yake halali. Ikitofautiana, afuate kebo hadi aifikie ruta. Mara nyingi atakuta mwenzake alitaka tu waifai inayofika mezani kwake, na hapo kununua kifaa rasmi cha waifai kwa chumba hicho kuna faida kuliko barua ya onyo.